Kunde Chini ya Kawa

Kawa ya kwanza niliyoipiga picha kwa ajili ya wateja wa Ujerumani niliipiga mara thelathini na moja, na mdogo wangu akazikataa picha zote. Nyingine zilikuwa na kivuli, nyingine zilikuwa na kidole changu, na ile niliyodhani imefana kuliko zote ilikuwa na kuku wa mama anapita nyuma, tena kwa maringo. "Dada," aliniandikia, "hawa wananunua kwa macho. Kuku hayumo kwenye bei." Nikamjibu kwamba yeye amekua akilala chumba kimoja na kuku, leo anawaonea aibu. Kesho yake nikairudia kazi juu ya meza yangu ya kukatia nguo, bila kuku.

Mimi ni fundi cherehani, nina fremu Nachingwea mjini. Kitambaa nakijua, simu niliijua baadaye, kwa shida na kwa kelele. Mdogo wangu yuko Ujerumani, alikwenda kusomea uuguzi akapata kazi hukohuko. Mama yuko kijijini, Nambilanje, upande wa Ruangwa, na ndiye anayesuka hizi kawa za ukindu, za kufunikia chakula. Kampuni nzima ilikuwa sisi watatu.

Duka lilianza kwa bahati tu. Mdogo wangu alipoondoka, mama alimwekea kawa moja kwenye sanduku, akaikandamiza kati ya masweta mpaka ikapinda ncha. Huko akawa anafunikia wali wake katika jiko wanaloshirikiana wapangaji. Mpangaji mmoja akaiona akaitaka, wa pili naye akaitaka, ndipo mdogo wangu akafungua duka kwenye soko moja la mtandaoni la nchi ile, soko la vitu vilivyotengenezwa kwa mkono. Jina lililoandikishwa ni lake, benki ni yake. Mteja akiagiza, yeye ananitumia anwani, mimi naifungasha kawa na kuipeleka posta, na mzigo unakwenda moja kwa moja mpaka mlangoni kwa mteja. Mdogo wangu mwenyewe haigusi. Mimi na yeye tuliona jambo hilo liko wazi mno, hata haikutujia kumweleza mama.

Kwetu kawa si pambo. Chakula kikifunikwa kawa, maana yake kuna mtu hajafika. Baba akichelewa shamba, ugali wake na mboga vilikaa kwenye kona ileile chini ya kawa, na sisi tukiwa na njaa ya utoto tuliizunguka kama paka. Mama aliiweka mshono wake ukitazama mlango. Ukiifunua ukachota kipande cha samaki na kuirudisha, lazima mshono uhame kidogo, naye alikuwa anaangalia. Mimi nilipigwa mara tatu kabla ya kuigundua siri hiyo. Mdogo wangu hakupigwa hata mara moja, kwa sababu aliijua na hakuniambia.

Baba alifariki ghafla, baada ya mavuno, kunde zikiwa bado zimeanikwa uani. Mdogo wangu alikuwa na miezi michache tu kule, mkataba haumruhusu kuondoka na nauli hana. Tulizika bila yeye. Arobaini tulisoma bila yeye. Siku ile niliinyanyua simu juu ili asikie hitima, mkono ukanifa ganzi, na mtandao ukakatika kabla dua haijaisha. Mama hakusema neno juu ya hilo, si siku ile wala baadaye, nami nikadhani limepita.

Kilichonitisha ni kwamba aliacha kusuka. Mama yangu, ambaye hata msibani kwa watu alikwenda na ukindu wake kwapani, akawa anakaa ukutani tangu asubuhi mpaka adhuhuri mikono mitupu. Nikimpelekea sukari na sabuni anashukuru, anaviweka pembeni, anarudi kutazama uwanja. Nasema wazi: niliogopa kwamba tutazika wawili ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo oda ya kwanza ilipoingia niliacha suruali ya mtu kwenye cherehani, nikampigia. "Mama, kuna mtu Ulaya anataka kawa tatu." Akanyamaza muda mrefu, mpaka nikaangalia kama salio limeisha. Kisha akauliza, "Kubwa au ndogo?" Kesho yake jirani alinipa habari kwamba mama analoweka ukindu.

Basi ndivyo duka lilivyokuwa kwangu. Wengine wakiniuliza kama linalipa, nilikuwa najibu ndiyo, linalipa sana, maana mama anakula.

Wateja wenyewe walikuwa sinema. Mmoja alituma picha ameining'iniza kawa darini, ndani yake ametia balbu. Nilimpelekea mama aione. Aliishika simu kwa mikono miwili, akaitazama kwa huzuni ya kweli. "Taa zao zinaingia inzi?" aliuliza. Mwingine, mzee wa makamo, aliivaa kichwani akiwa anapalilia bustani. Hapo mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Huyu mwache. Huyu kichwa chake hakitapoa."

Kisha zikaja nyota. Mteja akipokea mzigo anakupa nyota, tano ndiyo mwisho. Mwanzoni mama alizidharau. "Hanijui, hajawahi kula kwangu, ananipa nyota ya nini?" Baada ya miezi miwili, nikimpigia, kabla sijamaliza shikamoo yeye ananiuliza, "Leo nimepewa ngapi?" Kuna mmoja alimpa nne. Mama alikasirika wiki nzima. Alitaka mdogo wangu amfuate mtu huyo amuulize ile moja ameipeleka wapi.

Jambo lililonikera lilikuwa moja tu, kufunga. Kila kawa ilinifikia kutoka Nambilanje ikiwa tayari imevikwa kanga kuukuu na kushonwa pande zote kwa sindano ya mkono, mishono ya karibukaribu, imara kama ya godoro. Mimi, fundi mwenye cherehani mbili, naletewa kazi ya mkono na kuambiwa nisiifumue! Nilimwuliza kama haniamini. "Nakuamini," alisema, "wewe bandika karatasi tu." Halafu pale posta wanapima uzito, na kawa za mama kila mwezi zilikuwa zinaongezeka. Nikamsifu. "Mama, siku hizi unakaza kweli." Akanijibu bila kupepesa macho, "Nakaza, mwanangu."

Sasa nikikumbuka najiona mjinga, maana dalili zilikuwepo. Mteja mmoja aliandika kwamba mzigo unanukia shamba, tukafurahi. Mwanamke mwingine, wa mji wa mbali na anapokaa mdogo wangu, aliandika kushukuru kwa mbegu. Mbegu gani? Mdogo wangu aliona mama wa watu amechanganya maduka, akamjibu kwa adabu, karibu tena.

Halafu asubuhi moja, nikiwa napima sare za wanafunzi, ikaingia picha. Kanga imechanwa kwa mkasi, kawa imepinduliwa, na juu ya meza nyeupe pee zimemwagika kunde. Kunde zilikuwa zimetobolewa vitundu, na kati yake wadudu weusi wadogo wanatembea. Chini yake ulifuata ujumbe wa wenye soko, ambao mdogo wangu aliutafsiri kwa herufi kubwa kubwa kana kwamba mimi ni kiziwi. Kutuma chakula na mbegu bila kutangaza ni marufuku. Hili ni onyo. Likija lalamiko moja jingine la namna hii, duka linafungwa, na mwenye jina hili hatafungua jingine.

Akanipigia analia. "Dada, umenitilia nini ndani ya mizigo? Unajua jina lililoandikwa pale ni la nani? Unajua mimi hapa nakaa kwa vibali?"

"Mimi sijatia kitu!" nikamjibu kwa sauti iliyowafanya wale wanafunzi wasogee nyuma. "Mimi hata kuifumua nimekatazwa."

Kisha yeye huko na mimi huku tukasema neno moja, karibu kwa pamoja: "Mama."

Nilifunga fremu, nikapanda gari la Ruangwa, na kutoka hapo nikachukua bodaboda mpaka Nambilanje. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nina hasira za karibu, nazijua, na siku ile sikuwa na nia ya kuzizuia. Dereva aliniuliza, "Sista, vipi, umevurugwa leo?" Nikamwambia aendeshe.

Nilimkuta mama uani, ameketi juu ya gunia, ungo mapajani. Pembeni yake kuna mtungi mkubwa. Alikuwa anachota kunde zilizochanganyika na majivu, anazipepeta, na zilizopepetwa anazitenga kwenye kitambaa. Sikumpa hata shikamoo. Nilianza palepale niliposimama: wadudu, meza nyeupe, onyo, vibali, posta, aibu. Nikamwambia kwamba mdogo wangu anaweza kukosa duka kwa ajili ya kunde, na yeye akikosa duka sisi sote tumelikosa.

Mama alisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kilichomshtua si onyo. "Wadudu?" alisema kwa Kimwera, lugha anayoitumia jambo likimgusa. "Lakini nilizitoa majivu yote. Nilizitoa karibu zote kwa mara moja, nikaziosha, nikazianika. Hizi hapa chini tu ndizo zilikuwa bado. Nilitaka zimfike safi."

"Zimfike nani?"

Akanitazama kama vile mimi ndiye mgeni. "Mdogo wako."

Nikamwambia hazimfikii mdogo wangu. Zinakwenda kwa wanunuzi, kila moja nyumba yake. Mama akakataa. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayemvumilia mtoto. "Si anauza yeye? Atauzaje kitu ambacho hajakishika? Hata wa dagaa pale Ruangwa anazigeuza kwanza, anazinusa, ndipo anamfungia mtu." Kwake ilikuwa wazi. Kawa zinafika kwa binti yake, binti yake anafumua kanga, anatoa kilichomo ambacho ni chake, kisha anaipeleka kawa sokoni. Ndiyo maana alishona vile, mikono mingine isiguse. Mikono mingine, kumbe, ni mimi.

Nilimweleza tena, polepole safari hii, nikamwonyesha kwenye simu zile picha za taa na za yule mzee wa kofia. Nikamwambia kila mmoja wa hawa alifumua mwenyewe. Nikaona linavyomwingia. Aliuweka ungo chini.

"Hizi ni kunde za baba yako," alisema. "Zile alizozianika mwenyewe. Siku ya arobaini tulipika, kila aliyekuja alikula. Yeye hakuja. Sehemu yake niliifunika."

Nilikaa chini kwenye vumbi na gauni langu la kuendea mjini. Konzi moja ya kunde ndani ya kila kawa, zaidi ya mwaka mzima, mama alikuwa anampakulia mdogo wangu chakula cha msiba wa baba, na watu wasiomjua baba walikuwa wanakikung'uta kwenye mapipa ya taka. Majivu ndiyo yalikuwa yanazilinda kunde zile, na yeye aliyatoa kwa sababu huwezi kumpelekea mtoto chakula chenye majivu. Tuliumimina mtungi, tukazitazama kwa karibu na zile za kitambaani: majivu yalikuwa yamebaki machache mno, wadudu wamekwisha kuhamia humo pia, kilichobaki ni maganda na unga. Zile alizokwisha kuzisafisha, alizozihifadhi ndani kwenye ndoo, zilikuwa zimebunguliwa zote. Hazikubaki hata za kupanda.

"Basi wamekula wageni," mama alisema. "Kama wapo waliokula, wameshiba, si vibaya." Akaingia ndani, akalala mchana, kitu ambacho mama yangu hafanyi.

Nilibaki siku tatu. Ukindu ulikuwa umelowekwa kwenye beseni, na siku ya pili niliutoa mwenyewe usije ukaoza. Mama alikaa ukutani. Alikula nilipompakulia, akanishukuru, akarudi kutazama uwanja. Niliitambua hali ile, moyo ukaniuma sana, na nilijilaumu kwamba nilimwambia ukweli kwa ukali hivyo. Duka halikufungwa, lakini kwangu lilikuwa limefungwa tayari, maana msusi hayupo.

Nilimpigia mdogo wangu usiku wa tatu, nikamweleza yote. Nilitarajia alie. Hakulia. Akasema, "Mbegu."

"Mbegu gani?"

"Yule mwanamke, dada. Alishukuru kwa mbegu. Kama alifikiri ni mbegu, amezifanyia nini?"

Akaitafuta ile barua ya zamani, akamwandikia. Alimwambia kila kitu, kwamba zile hazikuwa zawadi ya duka, zilikuwa kunde za mwisho za baba yake, mama yake alimtumia yeye na zikapotea njia. Jibu lilichelewa siku mbili. Lilikuja na picha. Roshani ya ghorofa, vyuma vyake vimepakwa rangi ya kijani, vyungu vitano vya maua, na ndani ya vyungu hakuna maua: kuna kunde. Zimetambaa kwenye vyuma, zimezaa, na maganda mengine yamekwisha kukauka. Yule mwanamke aliandika kwamba nyingi hazikuota, lakini hizi ziliota, na hakujua zinaliwaje, hivyo alikuwa anazitazama tu.

Mdogo wangu alipanda treni siku yake ya mapumziko. Sikuwepo, siwezi kuisimulia safari ile. Ninachojua ni alichoniambia: kwamba walikunywa chai, kwamba kawa ya mama ilikuwa ukutani juu ya meza ya kulia, na kwamba walichuma pamoja yale maganda makavu, wakayapukuchua. Mwanamke akazitia kunde kwenye bahasha ya barua, akaibandika gundi, akamkabidhi kwa mikono yote miwili.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda tena Nambilanje. Sikumwambia mama kitu. Nilimshika mkono nikampeleka nyuma ya nyumba, kwenye mkorosho wa pili, pale ambapo mtandao unashika, nikampigia mdogo wangu kwa picha. Alitokea akiwa amejifunga ushungi. Mbele yake kulikuwa na meza, na juu ya meza ile kawa iliyosafiri kwenye sanduku, ncha yake imepinda vilevile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Una nini hapo?"

Mdogo wangu akamsimulia: yule mwanamke, vyungu, treni, bahasha. Mama hakumkatiza. Alikuwa anaitazama kawa.

"Mshono umeutazamisha mlango?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Haya. Funua."

Akafunua. Palikuwa na ugali kidogo, wa unga wa kwao huko usioshikana vizuri, na pembeni yake kunde ambazo hazikujaza hata kiganja. Mdogo wangu akasema Bismillahi, akamega, akachota, akatia mdomoni. Mama alikuwa anaufuata ule mkono kutoka kwenye sahani mpaka mdomoni, kila tonge, na midomo yake mwenyewe ilikuwa inatafuna.

"Chumvi imetosha?"

Mdogo wangu alitikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Usilie na chakula mdomoni, utapaliwa." Mama mwenyewe machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye kidevu, wala hakuyafuta. "Umezimaliza zote?"

"Nimebakiza nane, mama. Za kupanda."

Mama alikubali kwa kichwa. Akaipitisha dua kwa sauti ya chini mpaka mwisho, na mtandao, kwa mara ya kwanza, haukukatika. Wote watatu tukasema amina.

"Haya," alisema. "Arobaini imekwisha."

Kisha akanirudishia simu, akajifuta uso kwa kanga, akaniuliza ni kawa ngapi zinasubiriwa.